Bwana Nyani, Binti Mfalme

Paukwa!

*Pakawa!*

Na kawa?

*Ipo!*

Imefunika nini?

*Hatujui!*

Basi kaeni kitako. Anayejikuna ajikune sasa, maana nikianza sisimami. Kawa mnaijua, kile kifuniko cha ukindu tunachofunikia sinia la chakula ili nzi wasiwatangulie wageni. Iwekeni akilini hiyo kawa. Nitaifunua nitakapotaka mimi, si mtakapotaka ninyi.

Hapo kale, na msiniulize kale gani, palikuwa na Bi Sange. Sange ni mnyama mdogo wa vichakani, miguu kama njiti, pua ndefu kupita haja. Akiwa anawaza, pua humcheza: fiti, fiti, fiti. Ukiona pua ya Bi Sange inacheza, jishike, kuna mtu atapatikana.

Alikuwa akiishi kwenye kichuguu kilichohamwa na mchwa, chumba na ukumbi, yeye na bintiye wa pekee aliyeitwa Kisange. Nimesema Kisange, Shomari, sikusema kisanga. Kisanga nacho kinakuja, lakini kitapita mlangoni kama wageni wengine.

Siku ya kuzaliwa ya Kisange ilikuwa inakaribia, na mtoto alitaka kitu kimoja tu duniani. Alitaka kuwa binti mfalme.

"Mama, nataka gauni la waridi linaloburuza chini."

"Utapata."

"Na taji."

"Utapata."

"Na nyumba yetu iwe kasri."

"Itakuwa."

"Na keki. Niikate mwenyewe."

Hapo Bi Sange akautazama mlango. Kitu kimoja cha mtoto huwa kina watoto wake, hilo alilijua, na si gauni lililomtia hofu wala kasri. Kilichomtia hofu ni keki. Na ili mjue kwa nini, lazima niwaambie habari za Bwana Nyani.

Bwana Nyani alikaa mwambani, juu ya kijiji. Alikuwa na mabega mapana, meno marefu, na tumbo lisilojua neno "basi". Kazi yake ilikuwa kunusa sherehe za watu. Penye harusi yupo. Penye arobaini yupo. Mtoto akiota jino, yupo. Na akifika hagombi na mtu. Anabisha tu mlango: ngo, ngo, ngo!

"Hodi! Mgeni hanyimwi maji!"

Sasa niambieni, nani atamnyima mgeni maji? Utasemwa mpaka kwenye kisima. Unafungua mlango umpe kikombe, naye mguu umeshaingia. Akimaliza kikombe, anamaliza na sinia. Akimaliza sinia, anajipangusa kwa pazia lako, huyo, kaondoka. Hangoji kuimba. Hangoji dua. Hangoji hata kusema ahsante. Tangu azaliwe hajawahi kuona mwisho wa sherehe hata moja, kwa sababu kwake sherehe huisha sinia linapoisha. Na hilo pia liwekeni akilini, kando ya ile kawa.

Mwaka uliopita alikuja kwa Kisange. Ngo, ngo, ngo! Mgeni hanyimwi maji! Akaibeba keki kwa mikono miwili, akaila na mishumaa yake, kisha mishumaa akaitema ukutani: ptu, ptu, ptu! Wageni wadogo wakabaki wamepakata sahani tupu. Kisange hakulia. Heri angelia. Alimvuta mama yake upindo wa khanga, akamwambia polepole, "Mama, mwakani nisizaliwe."

Jamani. Mtoto aseme hivyo! Bi Sange alihisi moyo unapasuka kama chungu kilichosahauliwa motoni. Akamshika mwanawe mashavu, akamwapia. "Mwakani utazaliwa, na keki yako utaikata kwa mkono wako. Nikishindwa, usiniamini tena kwa neno lolote."

Na mtoto huwa hasahau kiapo. Anaweza kusahau kunawa, lakini kiapo cha mama hakisahau.

Afanyeje sasa? Afunge mlango? Nyani angeusukuma kwa bega moja, kichuguu kizima kikaenda. Ahame? Nyani ana pua pia. Ajifanye hana maji? Majirani wangempa jina. Bi Sange akakaa kizingitini, akaangalia mwambani, na pua ikaanza: fiti, fiti, fiti.

Kesho yake akaanza matayarisho.

Akapaka kichuguu chokaa, akakizungushia maua ya waridi mpaka kikawa kasri. Akapuliza maputo: puu, puu, puu! Akaomba ndizi mbivu kwa huyu, asali kwa yule, akaoka keki ya ghorofa, yenye harufu ya kumtoa nyoka pangoni. Kisha akachukua kitambaa cha waridi, akaanza kushona. Akashona asubuhi. Akashona mchana. Jirani yake Kuchakulo, yule kindi mwenye mkia mkubwa na maneno makubwa zaidi, akachungulia.

"Shoga, gauni hili la nani? Au kuna tembo anaolewa?"

"La binti mfalme."

"Binti mfalme gani? Humu tunaingia sote na mkeka wetu!"

"Utamwona," akasema Bi Sange, na pua yake, fiti, fiti, fiti.

Kisange akalijaribu, akapotelea ndani. Sauti ikatokea kwenye mkono mmoja wa gauni.

"Mama, kubwa!"

"Utakua."

Akajaribishwa taji la ukili lenye shanga. Likashuka, likapita kichwa, likapita shingo, likamkalia kiunoni.

"Mama, taji langu ni mshipi!"

"Utakua."

Mnacheka? Si mnawajua mama zenu na viatu vya sikukuu? Basi Kisange alinuna mpaka pua yake ikagusa kidevu. Na lile gauni, mbele lilikuwa na marinda na maua, ungelitamani. Nyuma lilikuwa na kamba tu. Bi Sange alisema kitambaa kimemwishia.

Siku ikafika. Wageni wakafika. Kuchakulo alikuja na wanawe. Mama Kanga alikuja na vifaranga wake, wote wanasema kwa pamoja, hakuna anayesikiliza. Kobe mdogo alikuja peke yake. Alikuwa ameanza safari tangu juzi. Keki ikawekwa ukumbini. Na kule chumbani Bi Sange akaingiza beseni, akalifunika kawa kubwa aliyoisuka kwa kazi hiyo. Ndani ya beseni mlikuwa na nini? Mwatumu, funga mdomo, nimeshasema nitafunua mimi.

Kabla mshumaa haujawashwa, ardhi ikatikisika. Pu! Pu! Pu! Vifaranga wakaingia chini ya mama yao. Kisange akarudi nyuma, akaishika khanga ya mama yake kwa mikono miwili.

Ngo, ngo, ngo!

"Hodi! Mgeni hanyimwi maji!"

"Karibu, mzee wangu!" akasema Bi Sange, akafungua mlango wote. "Maji yako yapo, nimekuwekea. Ingia, ingia! Watoto, msalimieni mgeni."

"Shikamoo, Babu Nyani!"

"Marahaba," akasema Nyani, macho yakiwa kwenye keki. Akashangaa kidogo, maana hakuzoea kukaribishwa. Akanyoosha mkono.

"Lo, mzee wangu, ngoja!" akasema Bi Sange. "Leo ni sherehe ya binti mfalme, ina utaratibu wake. Mgeni wa kawaida anapata kipande kimoja. Sikukusudii wewe, ni utaratibu."

"Kimoja?" Nyani akauma meno. "Na binti mfalme anapata vingapi?"

"Ah, huyo! Huyo keki yote inapita mkononi mwake, kipande kwa kipande. Tena chumbani ana beseni lake, limefunikwa kawa. Lile ni lake yeye tu. Sisi hatuonji hata tone."

"Tone?" Nyani akanusa. Chumbani kulikuwa na kitu, alikiona kupitia mlangoni, kawa kubwa kuliko yoyote aliyowahi kuifunua, na katika kufunua kawa za watu alikuwa bingwa. Mate yakamjaa. "Ni asali, hiyo. Au sharubati. Huyo binti mfalme ni nani?"

"Bado hatujampata," akasema Bi Sange kwa huzuni. "Gauni lipo, taji lipo, lakini tazama lilivyo kubwa. Huyu wangu limempwaya. Linataka mwenye mabega."

Nyani akajitazama mabega. La kushoto. La kulia.

"Ila wewe ni dume, mzee wangu. Samahani, basi kaa na wageni upewe chako kimoja."

"Nani kasema mimi si binti mfalme?" akafoka Nyani. "Marehemu baba yangu alikuwa mfalme wa mwamba mzima! Lete gauni!"

Kisange hapo akashindwa kuvumilia. "Mama! Gauni langu! Siku yangu!" Machozi yakamjaa. Bi Sange akainama, akamtia kisu cha keki mkononi, akamnong'oneza, "Mwanangu, taji liache likae pale. Kisu kashika nani?" Kisange akakiangalia kisu. Akapangusa machozi kwa mgongo wa mkono, akakishika vizuri.

"Na huyu mtoto mwenye kisu?" akauliza Nyani, akiingiza kichwa kwenye gauni: kra! mshono ukalia.

"Mtumishi wako, mzee wangu. Binti mfalme hajikatii."

Wakamvika. Wakamfunga kamba nyuma. Wakampachika taji. Wakamweka kwenye kiti cha mbele, mbele kabisa, juu ya mto. Kuchakulo akajifunika uso kwa mkia wake, mabega yanacheka.

"Sasa," akasema Bi Sange, "binti mfalme anazo adabu zake. Haongei. Hasimami. Halambi vidole. Wageni huwalisha kwa mkono wake, mmoja mmoja, yeye mwenyewe akingojea cha kawa. Akikosea moja tu, kawa haifunuliwi."

Nyani akafungua mdomo kusema. Bi Sange akaangalia kawa. Nyani akafunga mdomo.

Kisange akawasha mshumaa, akauzima: fuu! Akapandisha kisu, akakishusha. Alikata keki yake kwa mkono wake mwenyewe, Bi Sange akaona, na kiapo kikawa kimetimia. Lakini bado haijaliwa, na keki isiyoliwa si keki, ni mapambo.

Kipande cha kwanza Kisange akakiweka kwenye kiganja cha Nyani. Kiganja kikaanza kupanda kuelekea kwenye mdomo wa Nyani.

Watoto wakaimba:

*Wageni kwanza, binti ngoja!*
*Meza mate, binti, chako chaja!*

Nyani akatazama kawa. Mkono ukageuka. Kipande kikaingia mdomoni kwa mwana wa Kuchakulo: nyam! Na Nyani akameza mate: gulu!

Kipande kingine. Asali inamchuruzika Nyani kwenye vidole, naye haruhusiwi kulamba.

*Wageni kwanza, binti ngoja!*
*Meza mate, binti, chako chaja!*

Kikaingia kwa kifaranga: nyam! Nyani: gulu! Kikaingia kwa kifaranga mwenzake: nyam! Nyani: gulu! Na vifaranga wote wanafanana, wengine walirudi nyuma ya foleni, wakapanua midomo tena kama hawajawahi kuona keki. Mama Kanga alikuwa anaona. Alitazama pembeni.

Zamu ya Kobe mdogo ikafika. Kobe akatoa kichwa. Akatazama keki. Akatazama Nyani. "Shikamoo, binti mfalme," akasema. Nyani hawezi kujibu, akatikisa kichwa. Kobe akafungua mdomo, polepole, kama mlango wa bibi anayeumwa mgongo. Nyani anatetemeka na keki mkononi, jasho linamtoka chini ya taji. Kobe akauma. Akatafuna. Akatafuna. Akatafuna. Akauma tena. Nyani aliumia siku ile kuliko siku aliyopigwa mishale shambani kwa watu, na hilo alikuja kulikiri mwenyewe.

Gulu!

Kikabaki kipande kimoja. Kisange, mwenye kisu, alikuwa amekikata kikubwa kuliko vyote na kukiacha mwisho, na hakuna aliyemfundisha. Nyani akakipokea. Hapo uvumilivu ukamwishia. Akasahau adabu, akanguruma, "Hiki changu!"

Vifaranga wakarudi chini ya mama yao. Kisange akamtazama mama yake.

Bi Sange hakupaza sauti. "Hicho hapo," akasema, "ukipenda." Akapiga makofi, Kuchakulo na wanawe wakaitoa kawa chumbani wakiiburuza na beseni lake: kwaru, kwaru, kwaru! Ilikuwa nzito. Ilijaa. Ndani kitu kikacheza: chubwi, chubwi. "Neno hilo moja nimelisamehe. Kipande hicho ni cha mtumishi aliyekata, ndiyo desturi. Lakini mzee wangu ukikitaka, kula. Cha kawa tutakigawana sisi."

Nyani akatazama kipande. Akatazama kawa. Kipande. Kawa. Chubwi, ikasema kawa.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Nyani akamgeukia Kisange, akamsukumia kipande mdomoni. "Kula! Kula upesi, mtoto, umalize!"

Kwa hiyo keki ya Kisange, Kisange aliilishwa na Nyani kwa mkono wake. Aliuma nusu, nusu akaishika.

"Imekwisha!" akapiga kelele Nyani. "Sasa changu! Chote! Mtu asiguse!"

"Chote," akakubali Bi Sange. "Fumba macho, binti mfalme. Panua mikono. Watoto! Sherehe ya kuzaliwa humalizwa na nini?"

Ninyi mnajua. Kila mtoto anajua. Mwenye siku yake lazima aogeshwe mchana kweupe na nguo zake. Yule Nyani peke yake ndiye hajui, kwa sababu sikuzote alipokwisha kula alikuwa ameshaondoka.

"MAJI!" wakaitikia watoto.

Kawa ikafunuka. Beseni likainuka.

Mwaaaa!

Yalikuwa maji ya kijito, ya asubuhi, ya chini ya jiwe. Nyani akaruka mpaka taji likagonga dari. "Uwiii! Nimekufa! Umenidanganya, Mama Kisange!"

"Mimi?" akasema Bi Sange, mkono kifuani. "Nilikudanganya wapi, mzee wangu? Nilisema ni chako peke yako, na hapa nani kaonja hata tone? Na tena mwenyewe ulibisha hodi ukiyadai. Nisingekunyima."

Nyani akajikung'uta maji. Akageuka akimbie. Na alipogeuka, jamani, mnakumbuka gauni lile nyuma lilikuwaje? Wahenga walisema nyani haoni kundule. Siku ile wengine wote waliliona, jekundu, limelowa, linapanda mlima huku marinda yanamtega miguu: pu, teleza, pu, teleza, pu! Vifaranga walicheka mpaka wakaanguka chali. Kobe naye alicheka, lakini kesho yake.

Sasa Bi Sange akaingia chumbani, akatoka na kifurushi cha majani ya mgomba. Ndani mlikuwa na gauni la waridi, dogo, lina mbele na nyuma, na taji dogo la shanga.

"Mama!" Kisange akalivaa. "Limenienea!"

"Ndiyo."

"Na lile kubwa?"

"Lilimwenea mwenyewe."

Kisange akazunguka ukumbini, gauni linaburuza kwenye maji, wala hakuna aliyemkataza. Kisha akasimama mbele ya mama yake na ile nusu ya keki, imeshabonyea mkononi. "Mama, hukulishwa." Akamlisha. Bi Sange akatafuna, na nawaambia wazi, alilia, alilia huku anatafuna, na asali ikawa na chumvi.

"Mama," akasema Kisange.

"Naam."

"Mwakani nizaliwe tena."

Bwana Nyani hajakoma ulafi, msidanganyike. Lakini mpaka leo mvua ikianza tu utamwona amejikunyata kwenye mwamba, amekumbatia magoti. Na akipita kwa watu wakamwambia, "Karibu maji," hujibu kwa haraka, "Ahsanteni, nimeshakunywa."

Mnataka funzo? Funzo lipo. Si werevu, werevu ni tabia mbaya. Wala si kuwacheka wakubwa, msinisingizie kwa mama zenu. Funzo ni ukarimu. Mgeni akibisha hodi mfungulie mlango wote. Mvike nguo nzuri kuliko yako, mketishe mbele kuliko mwenye nyumba, na mwache aguse kila chakula. Na asiondoke, nasema asiondoke, kabla hajapewa maji yake.

Kawa nimefunua, kawa nimefunika. Aliyeshiba anawe mikono. Aliyelowa akaanike gauni.